Maji Yanatiririka Kwenye Chemba na Hakuna Aliyefungua Bomba

Mbukwenyi, watazamaji wapendwa. Leo nipo Kisasa, hapa Dodoma, katika nyumba ambayo mama mwenye nyumba kila akifunua chemba ya maji taka hukuta maji yakitiririka, ilhali mabomba yote ya ndani yamefungwa.

Kufunua mfuniko hakuhitaji maelezo. Iacheni chemba wazi kwa dakika chache ili hewa chafu itoke, msiwashe kiberiti wala msiingize kichwa. Tazameni maji yenyewe: ni meupe, hayana povu la sabuni, na hayakatiki. Yangekuwa yanatokea baada ya mvua tu, ningeshuku maji ya paa au ya uani, lakini huu ni mwezi wa Agosti.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Fungeni koki mbili, si moja: ya kwenye mita na ya bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki. Wengi wetu tuna simtanki juu ya mnara kwa sababu ya mgao, na ukifunga koki ya mita peke yake, simtanki huendelea kulisha nyumba kana kwamba hujafunga chochote. Niliwahi kufanya kosa hilo, nikamwambia mteja kwamba maji yanapenya kutoka ardhini, tukachimba ua mzima, kumbe mvujo ulikuwa chooni. Udongo niliurudisha kwa gharama yangu. Vilevile msidanganywe na kigurudumu cha mita kilichosimama, kwani siku ambayo mtaa hauna maji husimama hata kama bomba limepasuka. Narudia: koki mbili.

Nimezifunga, na baada ya dakika kumi mtiririko umekwisha. Ungeendelea, ningefuata chemba moja baada ya nyingine kuelekea juu, maana huenda bomba la jirani limeunganishwa humu. Sasa nafungua ya mita pekee, huku maji yakiingia kwenye simtanki. Kama mtiririko ungerudi, ningekagua bomba linalopanda na lile la kumwagia maji yaliyozidi, ambalo mafundi wengine huliunganisha na chemba. Haurudi. Basi tatizo limo ndani ya nyumba, nami nafungua koki ya simtanki.

Tunaingia vyooni. Weka rangi nyekundu ya chakula ndani ya tanki la kila choo, kisha usiflashi kwa dakika ishirini. Mimi napendelea nyekundu, kwa kuwa buluu huchanganyika na zile dawa za kunukiza choo.

Samahani, kamera imeyumba, kwa sababu maji yameongezeka ghafla kwenye chemba. Mama, kuna anayetumia maji? Anasema mjukuu amenawa mikono. Kunawa hakuharibu rangi iliyomo kwenye matanki, lakini hakuna la kusoma kwenye chemba kwa sasa, hivyo tunasubiri tena, na safari hii mtoto anakaa nje pamoja nasi.

Tazameni choo cha wageni: wekundu umefika kwenye sinki la choo, ingawa sikio halisikii chochote. Mpira wa chini ya tanki umekakamaa na kufunikwa na ukoko mweupe wa chumvi, jambo la kawaida kwa maji ya visima vya hapa. Kabla ya kuubadilisha, kagueni boya pia: maji yakifika juu ya mdomo wa bomba la ndani ya tanki, yanavuja hata mpira ukiwa mpya, kwa hiyo yateremsheni yabaki sentimita mbili chini ya mdomo huo.

Mipira hii nauza dukani kwangu karibu na Soko la Majengo. Njooni na ule wa zamani, kwa maana matundu hayalingani.

Nimefunga mpya, koki zote mbili ziko wazi, na tumerudi kwenye chemba. Mama ameinama kuangalia, nami namwomba asogee nyuma kidogo. Sakafu ya chemba imeanza kukauka.