Saa Moja ya Bei Kali au Tatu za Kawaida? Anza na Fundi

Hamjambo nyumbani! Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, karibuni nyote. Leo tunaongea saa za mkono. Swali mnalouliza sana ni hili: mtu akiwa na akiba yake, anunue saa moja kali ya Uswisi au saa tatu za bei ya kawaida?

Sitawazungusha. Kwa anayeishi na kufanya kazi huko nyumbani, mimi nasema chukua mbili au tatu za kawaida, bora uzichague vizuri. Bei ya dukani si sababu kubwa. Sababu kubwa ni fundi.

Chukua Rolex Submariner. Dukani inapita dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Ndani yake kuna mashine inayoendeshwa na springi na kulainishwa na mafuta, na kampuni yenyewe inapendekeza sevisi kila baada ya miaka kama 10. Sevisi hapo ni mashine kufunguliwa kipande kwa kipande, kuoshwa, kutiwa mafuta mapya, kubadilishiwa raba za kuzuia maji, kisha kupimwa. Kazi hiyo inakula mamia ya dola. Fundi wako wa Oginga Odinga Street kule Kisumu, au wa Kenyatta Avenue kule Nakuru, anaweza kuwa na mkono mzuri sana, lakini Rolex haiuzii vipuri halisi fundi asiyeidhinishwa. Kwa hiyo saa lazima isafiri, na kama ndiyo pekee uliyo nayo, unabaki mkono mtupu mpaka irudi.

Sasa iweke kando ya Seiko 5 ya siku hizi, ile yenye mashine ya 4R36. Mashine hiyo ina pacha wake, NH36, ambayo inauzwa kwa mafundi dunia nzima kwa makumi ya dola tu. Saa ikichoka, fundi hahangaiki kuosha gia moja moja. Anatoa mashine nzima na kuweka mpya. Kuna kosa moja hapo la kuangalia: Seiko 5 nyingi zina kinobu, kile cha kupangia saa, kwenye saa kumi (namba 4 usoni), si saa tisa (namba 3) pale katikati ya ubavu. Ukiletewa NH36 iliyopangiwa kinobu cha katikati, tarehe itakaa upande kwenye dirisha lake. Mwambie fundi ahamishe magurudumu ya siku na tarehe kutoka mashine ya zamani kabla hajafunga.

Kuhusu kushika wakati, saa ya betri ya bei nafuu inashinda wazi. Saa ya betri ya kawaida hupotea sekunde kama 20 kwa mwezi. Saa ya Uswisi yenye cheti cha kronomita, yaani cha kushika wakati vizuri, inaruhusiwa kupunguza sekunde 4 au kuzidisha 6 kwa siku. Hiyo 4R36, kiwango cha kiwandani ni kuchelewa hadi sekunde 35 au kuzidi hadi 45 kwa siku, ingawa nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Kwa hiyo dada muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo wodini, au mwalimu anayesimamia mtihani, avae ya betri, na asione haya. Casio F-91W imekuwa sokoni tangu 1989, inatumia betri moja ya CR2016, na betri hiyo hukaa kama miaka 7.

Mpangilio ninaoupenda ni huu. Saa ya kazi iwe ya betri au ya mwanga wa jua kama Citizen Eco-Drive. Ya harusi, kanisani na vikao iwe otomatiki moja, yaani inayojikaza springi kwa mwendo wa mkono, kama hiyo Seiko 5. Ya shamba, bodaboda na ziwani iwe dijito ya plastiki isiyoogopa kugongwa. Msinunue otomatiki tatu! Otomatiki ya aina hiyo ikilala mezani husimama baada ya saa kama 41, kwa hiyo kila ukitaka kuivaa unaanza kupanga siku, tarehe na wakati. Na zote tatu zinazeeka mafuta pamoja. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wamekimbia gharama ya saa moja, wakajinunulia sevisi tatu.

Ukiwa unapanga, usiguse tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo gia ya tarehe imeshaanza kushika, ukilazimisha unavunja jino. Peleka mishale kwanza kwenye saa kumi na mbili (namba 6 usoni, si namba 12), ndipo ubadilishe tarehe.

Betri. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu saa nyingi nzuri za bei nafuu zinafia hapa. Saa nyingi za mishale mitatu hutumia betri iitwayo SR626SW, au 377, ni ileile. Kuna nyingine ya umbo hilohilo imeandikwa LR626 au AG4. Inaingia bila shida na saa inatembea. Lakini ya SR ni ya oksidi ya fedha, inashikilia volti 1.55 karibu mpaka mwisho. Ya LR ni ya alkali, nguvu yake inashuka polepole, inaisha mapema, na ikiachwa ndani huvuja na kula shaba ya mashine. Tofauti ni pesa kidogo tu. Muombe fundi akuonyeshe herufi SR kabla hajafunga kifuniko. Na saa ya betri ikisimama, usiiache kabatini na betri iliyokufa. Itoe.

Fundi akishafungua kifuniko, ile raba nyembamba ya ndani ipakwe grisi ya silikoni au ibadilishwe. Kama haikupimwa kwa mashine ya shinikizo, ihesabu kuwa haizuii maji tena, hata kama nyuma imeandikwa mita 100. Maandishi yenyewe yasomeni hivi: mita 30 ni kunawa mikono na mvua, 50 ni kuogelea kidogo, 100 ni kuogelea bila wasiwasi, 200 ya wapiga mbizi ndiyo ya kazi nzito. Ukiona ukungu ndani ya kioo, iende kwa fundi siku hiyohiyo. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, kwani kutu huanza kwenye kile kijiti cha kinobu.

Otomatiki ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshikwa na sumaku: kava ya simu, spika, mkoba wa kifungo cha sumaku. Ile springi nyembamba kama nywele inayopima mapigo ya saa inagandana, mapigo yanakuwa mafupi. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo. Bonyeza kitufe chake, isogeze saa karibu nacho, iondoe polepole hadi urefu wa mkono, ndipo uachilie. Ukiachilia ikiwa bado karibu, umeitia sumaku upya.

Joto la Kisumu na mkanda wa ngozi havipatani. Jasho linaozesha ngozi. Chukua nailoni au mpira, pima upana kati ya pembe za saa zinazoshika mkanda, mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22, na ubadilishe vile vijiti vya springi vinavyoshika mkanda kila unapobadilisha mkanda. Saa nyingi zinazoanguka barabarani zimeangushwa na kijiti hicho.

Sasa hii nitaisogeza karibu na kamera, kwa sababu Seiko 5 bandia ni nyingi. Mnaona nyuma? Kuna namba ya mashine, 4R36, halafu kistari na namba ya bodi. Namba ya mashine ipo pia kwa maandishi madogo sana upande wa chini wa uso wa saa, karibu na namba 6. Zisipolingana, rudisha. Namba ndefu ya peke yake ni ya utengenezaji: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, kisha O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Ikianza na 3N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Muuzaji akisema ni ya mwaka huu na tarakimu haikubali, mmejua.

Na wewe ambaye moyo wako uko kwenye ile moja ya bei kali, sikukatazi. Ni kazi ya mikono ya ajabu, na mzee anayestaafu anastahili kitu kama hicho. Ila tengeni pesa ya sevisi siku hiyohiyo ya kununua, mweke risiti na kadi ya dhamana pamoja, na kama ninyi mlio huku ng'ambo mnaituma nyumbani Kenya, hesabuni VAT ya asilimia 16 pamoja na ushuru wa forodha kabla hamjaahidi. Ikiwa ni ya mitumba, ombeni karatasi ya sevisi ya mwisho. Isipokuwepo, toeni gharama ya sevisi kwenye bei kabla ya kukubaliana.