Muwasho Usiosikia Dawa ya Fangasi

Shikamooni wazee, hamjambo vijana. Ahsanteni kwa kuja. Najua huu ni msimu wa maembe, na kila mtu hapa Tabora ana mti wake wa kulinda.

Mwaka jana alinijia mzee mmoja, mgongo umechubuka kwa kujikuna kwenye mwimo wa mlango. Nikampa dawa ya fangasi. Akarudi. Nikampa ya upele, nikaagiza nyumba nzima wapake. Mara ya tatu akaja na malengelenge makubwa kama zambarau, yametuna kwa maji. Ndipo binti yake akasema, kama jambo dogo tu: "Dakta, baba alikuwa anatundikiwa dripu za saratani Dar, ila ana miezi minne tangu amalize." Sikuwa nimeuliza!

Dripu zile si kemo, yaani dawa zinazoua seli za saratani zenyewe; hizi huachilia kinga ya mwili ifanye kazi hiyo. Kinga ya mwili ichukulieni kama sungusungu, na hao hapa Unyamwezini hamhitaji kufundishwa. Seli zake zina breki. Mojawapo inaitwa PD-1. Saratani huikanyaga breki hiyo, sungusungu wakampita mwizi wakidhani ni mwenzao. Dripu hizo, dawa kama nivolumab na pembrolizumab, huizuia breki isikanyagwe. Utafiti wa breki za namna hii ndio uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lakini sungusungu asiye na wa kumzuia mnamjua: hata jirani asiye na kosa anachapwa. Ngozi mara nyingi ndiyo huanza kuchapwa.

Wengi hupata vipele na muwasho tu, ndani ya wiki chache. Krimu ya steroidi hutuliza, na matibabu ya saratani huendelea. Wenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, wengine hutokwa mabaka meupe. Msiwahi kuwapa pole, maana mara nyingi hao ndio dawa imewakubali. Malengelenge ya mzee ni mengine: kinga inashambulia gundi inayoshikilia tabaka la juu la ngozi, na huweza kuja hata dawa ikishakoma.

Wekundu wa vitabuni msiutafute kwenye ngozi zetu. Tazameni weusi uliozidi, zambarau, kijivujivu, papaseni. Ngozi ikiuma na kumenyuka, au vidonda vikitokea mdomoni, machoni, sehemu za siri, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama pale nyuma anauliza kama mzee alipona. Alipewa prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, malengelenge yakakauka, yamebaki madoa. Binti yake siku hizi ana karatasi ya majina ya dawa kwenye pochi. Akifika kwangu anaitoa kabla hata hatujasalimiana.