Someni Maandishi Yaliyo Juu ya Twiga

Mhadhara kwa waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, Malindi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanza na twiga, na nawaona pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Nimekuja kuwaomba muwapeleke vijana wakasome digrii ya lugha za Asia, na twiga nitaacha kumsema siku mtakaponiletea kijana mmoja wa hapa anayeweza kumsoma.

Kwamba Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, hilo hata dereva wa tuktuk atakusimulia. Na ile picha mnaijua: twiga kasimama, shingo juu, pembeni mtu kashika kamba. Kila ikija sherehe inazungushwa kwenye simu, “twiga wetu huyo!” Sasa niambieni, juu ya picha ile kuna nini? Kuna maandishi, safu baada ya safu, kutoka ukingo hadi ukingo. Nani kati yetu amewahi kuuliza yanasema nini? Yaliandikwa na Shen Du, mwandishi wa jumba la mfalme Yongle, nayo yanasema waziwazi: mwaka ni 1414, na twiga katoka Bengal, kule Bara Hindi. Bengal, jamani! Mnyama yule kwao ni Afrika, sawa, Bengal hakuna twiga. Lakini aliyempeleka kwa mfalme ni sultani wa Bengal, na wa Malindi akafika mwaka uliofuata. Miaka yote tunajivunia twiga wa wenyewe, na jibu liko juu ya kichwa chake.

Mimi mwenyewe nayajua hayo kwa kuwa wengine wameyafasiri. Hapo ndipo penye uchungu wangu. Katika vitabu vya nasaba ya Ming, ukoo wa kifalme wa Yongle, tumeandikwa Malin, na wapo wanazuoni wanaobisha kuwa hiyo si Malindi hii. Mimi nasema ni hii. Lakini neno langu lina uzito gani? Wao wamezisoma kumbukumbu zenyewe, mimi nimewasoma wao. Tunabishaniwa mji wetu, na sisi tumekaa kwenye kochi tunasubiri matokeo.

Na mjue, Yongle huyohuyo mwaka 1407, miaka minane kabla ya twiga wetu, alianzisha chuo cha wafasiri kule Nanjing. Vijana wakafundishwa Kiajemi, Kimongolia, Kitibeti, Kiburma. Zheng He naye, amiri wa meli za mfalme huyo, alipopeleka jiwe Galle, Sri Lanka, jiwe lenye tarehe ya 1409, lilichongwa kwa lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Jiwe lipo mpaka leo, katika jumba la makumbusho la Colombo. Watu hawa hawakungoja mgeni ashuke chomboni ndipo watafute wa kuwafasiria.

Najua kuna mzazi atasema, “Mwalimu, mbona vijana wa ufuoni wanasema Kiitaliano bila digrii?” Kweli, na nawapa heko. Kijana atakuuzia safari ya Tsavo kwa Kiitaliano hadi mgeni asahau kupatana bei. Haya, sasa mpe mkataba wa kiwanja, kurasa kumi na mbili, Kiitaliano hichohicho. Ataita mtu. Na huyo atakayeitwa ndiye atakayekula.

Mwingine ataniambia simu itafasiri. Ipeleke basi kwa Shen Du, ile ni lugha ya Kichina cha zamani, uniletee ilichosema. Na ikikudanganya, utajuaje?

Ndiyo maana nang'ang'ania digrii nzima. Kozi ya miezi mitatu ya kwenda kuagiza mizigo Guangzhou siikatazi, lakini msiniitie elimu. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani huwapa wanadiplomasia wake wiki 88, kiasi cha saa 2,200 darasani, kwa Kichina, Kijapani, Kikorea au Kiarabu. Kiswahili chetu wanakipa wiki 36. Hawa wanalipwa mshahara wakisoma, hawana kazi nyingine! Na kwenye digrii ya Kichina, mwaka wa kwanza ni mkono tu: daftari la viboksi kama la hesabu, herufi moja unaiandika hadi ujaze ukurasa, na ukianza na mstari usiofaa unaambiwa urudie. Halafu inakuja historia, dini, fasihi, na vyuo vingi hukupeleka mwaka mzima ukaishi nchi yenyewe. Mwisho unaandika tasnifu kwa kusoma maandishi ya asili, bila mtu wa kati. Huyo ndiye ninayemtaka arudi Malindi.

Na msiniambie ni ngumu kwa watoto wetu. Mtoto aliyehitimu madrasa tayari anazijua herufi za Kiarabu. Kiajemi kimeongeza herufi nne tu juu ya hizo, na Kiurdu kikaongeza zake chache. Mwenzake wa bara anaanza na alifu, wa kwetu kaimaliza akiwa na miaka saba. Lugha yenyewe bado ataisotea, lakini mlango uko wazi, na sijui kwa nini hatupiti.

“Atakula nini?” Bandari ya Lamu imejengwa na kampuni ya China, gati la kwanza likafunguliwa 2021. Kampuni ilikuja na wakalimani wake. Wavuvi wa Lamu walikuja na nani? Beijing wanafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Osaka, Japani, wanakisoma hadi digrii, Korea Kusini vilevile. Wao hawakuuliza watakula nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kihindi na Kigujarati nilivitengea robo saa, basi, siku nyingine. La ada tu: serikali za China, Japani, Korea na India zote hutoa ufadhili wa shahada ya kwanza, na habari zake ziko kwenye balozi zao Nairobi. Ule wa Japani wa shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitano, mwaka wa kwanza ukiwa wa lugha, kwa hiyo hata asiyejua neno anaomba. Pasipoti itafuteni sasa, msingoje barua ya kukubaliwa.

Haya, maswali. Kina mama kwanza, maana mwishowe nyinyi ndio mtakaoamua kama mtoto anakwenda.