Dirisha la dharura la RV: lifungue, lilainishe, kisha utokee humo

Karibuni. Leo tuko ndani ya RV, lile gari la kulala na kupikia ambalo wengi wenu mlioko Marekani hulikodi wakati wa kiangazi, au hulinunua likiwa limeshatumika. Kazi yetu ni dirisha la dharura. Tutalitafuta, tutalifungua, tutalilainisha, halafu tutatoka nje kwa kupitia hapo, mwili mzima. Hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza tazama mpangilio wa ndani. Mlango huu hapa, ubavu wa kulia. Hatua moja kutoka mlangoni kuna jiko la gesi, na mkabala wake friji, nayo inatumia gesi. Kitanda kiko kule nyuma kabisa. Moto ukianzia jikoni au nyuma ya friji saa nane za usiku, aliyelala kule ameshakatiwa njia ya mlangoni. Na kuta hizi ni mbao nyembamba, povu na plastiki. Zikishika moto, moshi wake ni mweusi na unalewesha kabla hujajua uko wapi. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya magari haya, NFPA 1192, inadai njia ya pili ya kutokea mbali na mlango. Kwenye yale mabasi makubwa yenye injini nyuma mambo hugeuka: kitanda kiko juu ya injini yenyewe, na moto wa injini unaukimbia kwa kwenda mbele. Kwa hiyo kila anayelala humu ajue njia mbili, si moja.

Hatua ya kwanza, kulitambua. Pita penye kila kitanda utafute vishikizo vyekundu. Mara nyingi ni viwili, kimoja kila upande wa fremu, pamoja na kibandiko kilichoandikwa EXIT. Angalia vizuri hapa: ndani ya fremu hii kuna kioo kidogo kinachoteleza. Kile ni cha kuingiza hewa tu. Vishikizo vyekundu vinaachia fremu nzima, kioo na vyote vilivyomo, nayo inasukumwa nje kutokea chini huku ikining'inia kwa bawaba za juu. Na tundu la dari je? Lile la kawaida la kutolea joto lina upana wa sentimita 35 kwa 35. Usilihesabu. Mtoto mwembamba atapita, baba yake hatapita.

Kama gari ni kuukuu au limefanyiwa ukarabati, pima mwanya. Kipimo kinachotumika ni duaradufu ya inchi 24 kwa 17, yaani sentimita 61 kwa 43, ikiwa imelazwa. Kata kadibodi ya ukubwa huo uipitishe. Ikikwama, aliyebadilisha dirisha lile aliweka la kawaida, na chumba hicho hakina njia ya pili.

Hatua ya pili, vizuizi. Ndani ni rahisi kuviona: begi, televisheni, magodoro ya watoto yaliyorundikwa. Vya nje ndivyo vinavyosahaulika. Toka uzunguke. Je, baiskeli zimefungwa mbele ya dirisha? Mkono wa turubai la kivuli unapita hapo? Umeegesha ubavu ukiwa umegusana na mti, au na gari la jirani? Fremu inahitaji nafasi ya kufunguka, na wewe unahitaji mahali pa kudondokea. Halafu kuna wale wanaogundisha karatasi ya kung'aa dirishani kuzuia baridi au jua. Ibane kwa velkro, ule utepe wa kunasana na kubanduka, itoke kwa mkono mmoja. Ukiigundisha pande zote umejenga ukuta.

Hatua ya tatu, kufungua. Hapa muwe wawili: mmoja ndani, mwingine nje akiwa juu ya stuli imara, viganja vikiwa tayari kupokea fremu. Kama wavu wa mbu uko upande wa ndani, utoe kwanza. Una kijitanzi cha kuvuta kwenye kona, na kwenye magari yaliyokaa sana juani kijitanzi hicho hukatika kikiguswa tu. Kikikatika, weka kingine cha utepe leo hii. Sasa shika vishikizo vyote viwili. Vingine huinuliwa, vingine huzungushwa kuelekea katikati. Mshale kwenye kibandiko utakuonyesha. Achia vyote viwili kabla hujasukuma. Ukisukuma kimoja kikiwa bado kimeshika, fremu inapinda, na siku nyingine haitafunga wala kufunguka sawasawa. Halafu sukuma sehemu ya chini kwa viganja, karibu na kona.

Haitoki? Hilo ni jambo la kawaida, usishtuke. Raba ya kuzuia maji imeganda kwenye fremu baada ya miaka ya jua. Usichukue bisibisi, itachana raba na kukwaruza alumini. Chukua kadi ya plastiki, hata kadi ya benki iliyokwisha muda, uipitishe polepole kati ya raba na fremu, kuanzia kona moja ya chini hadi nyingine, kisha uipandishe kwenye pande zote mbili. Kama kuna baridi, pasha raba kwa mashine ya kukaushia nywele. Sukuma tena. Utasikia mlio kama wa seloteipu inayobanduliwa, halafu fremu itaruka nje ghafla. Ndiyo sababu tumemweka mwenzetu pale nje.

Ikiwa hata hapo haijatoka, kagua ukingo wote kwa tochi. Mara kwa mara mwenye gari wa zamani alipata tone la mvua, akaziba dirisha zima kwa silikoni ya bomba, ile gundi ya kuzibia nyufa, au akapiga skrubu. Silikoni ikatwe kwa wembe, skrubu zitolewe, na uvujaji utafutiwe dawa yake. Tutafika huko.

Hatua ya nne, kulainisha. Futa raba na fremu kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, kausha kabisa. Nyunyizia dawa ya silikoni ya kulainishia, si ile gundi, kwenye kitambaa, si kwenye raba moja kwa moja, kisha paka tabaka jembamba. Usitumie oili ya injini wala grisi: huvimbisha raba, nayo hushika vumbi hadi ikawa kama sandipepa. Tone la silikoni hiyohiyo kwenye ekseli za vishikizo, uvifungue na kuvifunga mara tano sita. Vishikizo vya plastiki vilivyopauka vikague kwa kuvipinda kidogo. Chenye ufa kibadilishwe sasa, maana kitakuvunjikia mkononi siku usiyotaka. Rudia kazi hii mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya tano, mti wa kuegemeza. Watu wengi hawajui kwamba fremu hii ni nzito na haikai wazi yenyewe; ukiiachia inakuangukia mgongoni ukiwa nusu ndani, nusu nje. Chukua mpini wa ufagio, fungua dirisha hadi mwili upite vizuri, pima, kata. Vika ncha zote mbili vipande vya mpira wa maji ili zisiteleze. Ubane mti huo kwa velkro chini ya dirisha, mahali mkono unapofika ukiwa umelala.

Hatua ya sita, kutoka. Pima kwanza kutoka kizingiti cha dirisha hadi ardhini. Kwa magari mengi ni mita moja na nusu hadi mbili na zaidi, na ukiinua gari kwa jeki kimo huongezeka. Kwa zoezi weka godoro kuukuu chini. Tandika blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya kizingiti, kwa sababu ukingo ule wa alumini una makali. Sasa tazama: mtu analala kifudifudi kitandani, miguu inatangulia nje, tumbo linateleza juu ya blanketi, anashika kizingiti kwa mikono miwili, ananing'inia, ndipo anaachia. Asitoke kichwa mbele hata kidogo. Kimo cha mita mbili kinatosha kuvunja shingo.

Mkiwa watu wazima wawili na watoto, mmoja anatoka kwanza na kupokea, mwingine anapitisha watoto kisha anatoka. Ukiwa peke yako nao, watoto watangulie, ukiwashusha kwa kuwashika mikono mpaka miguu ikaribie chini. Ukitangulia wewe, hutaweza kuwafikia tena kutokea nje. Mzee, mjamzito au mwenye magoti mabovu asipangiwe kitanda cha nyuma. Mpe cha karibu na mlango.

Rudieni zoezi usiku, taa zimezimwa, macho yamefumbwa, mkianza mkiwa mmelala. Mmoja ahesabu kwa sauti. Tungependa muwe mmefungua ndani ya sekunde kumi. Mkichelewa, tafuteni kinachochelewesha, aghalabu ni wavu. Chagueni pia mahali pa kukutania, mbali na mitungi ya gesi.

Kuhusu nyundo ya kuvunjia kioo: inasaidia kama kioo ni cha gari cha kawaida, nawe unapiga konani, si katikati. Karavani nyingi za Ulaya zina madirisha ya akriliki ya tabaka mbili. Hayo nyundo itayadunda tu.

Sasa ving'ora, kwa haraka. Cha moshi kiko darini, na hubadilishwa baada ya miaka 10. Cha gesi kiko karibu na sakafu kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi, hutuama chini kama maji. Cha gesi hudumu miaka mitano hadi saba. Kikianza kulia tiki-tiki bila kukoma, watu hudhani betri, kumbe muda wake umekwisha. Soma tarehe mgongoni. Usichomoe waya ili upate usingizi.

Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, si nyuma ya jiko. Ule mdogo unatoa unga kwa sekunde kumi hivi, basi. Ni wa kujifungulia njia au kuzima sufuria ya mafuta, si wa kupigana na ukuta unaowaka. Kama umenunua RV ya zamani, angalia kishikio cha mtungi: mwaka 2017 kampuni ya Kidde iliitisha irudishwe takriban mitungi milioni 38 Marekani, ya vishikio vya plastiki, kwa kuwa ingeweza kuziba au kukataa kutoa unga.

Tumalizie kwa kufunga. Vuta fremu, rudisha kishikizo kimoja nusu, kingine nusu, kisha vikaze pamoja. Mwagia dirisha maji ya bomba kutoka nje kwa dakika mbili huku mwenzako akiangalia ndani. Tone likiingia, usifuate silikoni ya bomba. Nunua raba mpya ya umbo lilelile, uikate ikiwa ndefu kidogo kuliko mwanya, na maungio uyaweke juu, upande wa bawaba.