Namba Iliyosingiziwa Utasa

Naiandika ubaoni kwanza, tuitazame vizuri: 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1.

Mbinu za haraka za kutafuta vigawo haziiwezi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba wadogo zake, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1), wote ni namba tasa, hawagawanyiki ila kwa 1 na kwa wao wenyewe. Akaamini na huyu ni tasa. Neno letu hilo lina ukali wake, nakiri, ila leo limetufaa: miaka 92 namba hii ilisingiziwa utasa, hadi mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alipowatoa hadharani watoto wa namba hiyo wawili, yaani vigawo vyake, 641 na 6,700,417.

Aliwapataje? Kigawo kidogo hakiwezi kupita kipeuo cha pili cha namba hii; nacho kinazidi 65,536 kwa kiduchu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Nani ana mkono wa kugawanya mara zote hizo? Lakini kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakishe 1 ukikigawanya kwa 64. Basi tunaruka: 65, 129, 193, 257, 321... Futa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Sasa tuthibitishe bila kugawanya namba yenyewe. Hapa ndipo ninapopapenda. Tuangalie mabaki tu, tukigawanya kwa 641. 5 × 128 ni 640, pungufu ya 641 kwa moja, kwa hiyo tuihesabu kuwa −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 inabakisha 1. Lakini 625 ni 641 toa 16, kwa hiyo weka −16 mahali pake. Na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Vipeo 4 na 28 vinajumlika 32. Tumebaki na hili: hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 inabakisha 1. Basi 2 kwa kipeo cha 32 yenyewe inabakisha −1; iongezee 1 upate namba yetu, baki ni 0.

Kinachonishangaza ni Fermat. Sharti lile la 64 linatokana na kanuni aliyoieleza yeye mwenyewe, mwaka huo huo wa 1640. Alibakiwa na kugawanya mara tano tu.