Kamba ya mjomba na ncha za nywele

Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nashukuru kwa kiti, lakini nitasimama, maana nikikaa nasinzia na mimi ndiye mwenye maneno.

Wengine mmeshanisikia. Namwona dada yule pale nyuma anacheka. Alikuwepo nilipozungumza Igoma, akawepo Nyakato, na leo kaja tena na ncha zilezile za Igoma. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza shampuu ni nini na kondishna ni nini. Humu ndani kuna wasusi na kuna watu wa kusukwa, hakuna mgeni. Naanza na lile ninaloambiwa saluni kila siku ya Mungu: “Anti, nywele zangu hazikui.”

Zinakua! Jamani, zinakua. Wewe wa dawa ya kulainisha nywele, unakuja kwangu baada ya miezi miwili kurudia dawa. Nikigawanya kichwa naona mizizi imeota, sentimita moja na nusu, karibu mbili, imejikunja kipilipili safi. Hizo zimetoka wapi kama nywele hazikui? Halafu nakuvuta nywele ya nyuma, inafika begani, palepale ilipokuwa Pasaka. Juu zimeongezeka sentimita mbili, chini hazijaongezeka hata moja. Basi zimekatikia chini. Ziko kwenye chanuo lako, ziko kwenye taulo, ziko kwenye foronya. Wewe unanunua mafuta ya kukuza mzizi, na mzizi hauna ugomvi na mtu. Ugonjwa uko kwenye ncha.

Sasa hapa nitasema habari ya kamba. Anayeijua avumilie.

Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa darasa la tano, likizo ya mwezi wa sita, nikapelekwa kwake. Asubuhi tulianika dagaa, mchana nilichota maji, jioni nilikaa naye ufukweni akishona nyavu. Mtumbwi ulifungwa kwa kamba ya katani, na ncha ya ile kamba ilikuwa imeanza kufumuka kidogo, nyuzi zimetawanyika kama ndevu za mahindi. Mimi nikaona nimepata mwanasesere. Nikawa naichana, naisuka mabutu, naifumua, naisuka tena twende kilioni. (Kicheko.) Ndiyo, ususi wangu ulianzia kwenye kamba ya mtumbwi, cheti changu cha kwanza hicho.

Siku tatu nacheza. Kila nikifumua, panapofumuka panapanda. Sikugundua. Siku ya nne upepo ukavuma kutoka ziwani, mjomba akaenda kukaza mtumbwi, akaishika kamba, akakuta imefumuka mpaka karibu na fundo. Akaniita kwa jina langu lote, nikajua mambo yameharibika.

“Mpwa wangu, nani kasuka kamba yangu?”

Nikanyamaza. Hakunipiga. Alichomoa kisu, akapima kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa nzima, akakata, akatupa. Na kamba ilikuwa ya pesa. Kisha akachukua uzi wa nyavu, akauzungusha kwenye ncha mpya, akakaza, akakaza, akauma uzi kwa meno. Akaniambia, kamba ikifumuka ncha haitulii pale ilipofumukia, inapanda. Siku ya kwanza ungeniambia ningekata wanda mmoja tu.

Wanda mmoja, mama zangu. Upana wa kidole. Dada wa Igoma, unanisikia?

Maana unywele ni kamba. Ndani una nyuzi nyembamba sana zilizolala pamoja, ndizo zinazoupa nguvu. Nje umefunikwa na magamba. Sisi watu wa ziwani hatuna haja ya kuchorewa picha: magamba ya unywele yamelala kama ya sato, yamepandana moja juu ya jingine, tabaka baada ya tabaka, na yameelekea mkiani, yaani kwenye ncha. Sato ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani anateleza. Ukirudisha mkono anakukwaruza. Ukitaka kumpaa, unarudisha kisu. Na wewe ukichukua kitana ukachana nywele kwa kurudisha nyuma ili zijae, unafanya nini? Unapaa samaki! Magamba yakishatoka, nyuzi za ndani zinabaki uchi, zinaachana. Hapo ndipo unaona ncha imepasuka njia mbili kama ulimi wa nyoka, au imechanuka kama ufagio, au unywele una kidoadoa cheupe katikati, ukiuvuta kidogo unakatikia hapo.

Nywele zetu za kipilipili zina mtihani zaidi. Unywele wetu si mviringo, ni bapa kidogo, na umejisokota. Kila unapojikunja pana udhaifu. Tena mafuta ya asili yanatoka kwenye ngozi ya kichwa, na kwenye nywele za singa yanashuka kama mtu kwenye lami. Kwetu sisi ni barabara ya kona za mlimani, mafuta yanachoka hayajafika. Kwa hiyo ncha zetu ni kavu tangu kuumbwa. Hilo halina laana, linataka mafuta kwenye ncha na si kwenye utosi. Nawaona mnavyojipaka, mnamwaga utosini mpaka yanawachuruzikia kwenye paji la uso, ncha hazijaonja.

Na kumbukeni umri. Nywele zinaota takriban sentimita 1 kwa mwezi, za kwetu wengi chini kidogo. Mwenye nywele za sentimita 36, ncha yake ina miaka mitatu au zaidi. Imeona Krismasi tatu, imefumuliwa rasta mara ngapi, imepigwa draya mara ngapi. Mzizi ni mtoto, ncha ni bibi. Usimchane bibi kama unavyomchana mtoto.

Najua mnachotaka kusema. Mjomba alifunga uzi, na sisi tufunge nini? Swali zuri, na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa. Haupati damu, hauponi kama kidonda. Zile chupa zinazoandikwa kwamba zinaponya ncha zilizopasuka zinafanya kazi ya gundi. Zinaganda pale penye ufa, nywele zinang’aa, zinateleza, unafurahi. Unaosha, ufa uko palepale. Sikatazi, kama una harusi Jumamosi paka. Ila usiseme zimepona. Hakuna uzi wa kufunga ncha ya unywele. Kuna kisu tu.

Na kuna wa kiberiti. Mteja alikuja, mtu mzima, heshima zake, akasema: “Anti, mbona rasta mkimaliza kusuka mnachoma ncha zisifumuke? Nichome na zangu.” Rasta ni plastiki, mama yangu! Inayeyuka, inajibana. Nywele yako haiyeyuki, inaungua. Utatoka hapa unanuka kichwa cha mbuzi anayebabuliwa, na ncha zimekuwa mbaya kuliko ulivyokuja nazo. Akakasirika, akaenda kwa mwingine. Sijui walimbabua au vipi, hajarudi kunionyesha.

Wa tatu ni yule anayesema, “Unasema tukate ili turudi kwako tukulipe.” Sasa mimi nawafundisha kukata wenyewe nyumbani, huo ni uchawi gani wa biashara?

Haya, hesabu. Mwaka mmoja nywele zinakupa sentimita 12, tuseme. Kila miezi mitatu unakata nusu sentimita. Kwa mwaka umekata 2, umebakiwa na 10. Yule anayeogopa mkasi hakati kitu, ila ufa unapanda, nywele zinakatika zenyewe, tena ovyo, moja hapa, moja pale. Mwisho wa mwaka kabaki palepale, na zimekuwa nyembamba chini unaona mgongo wake kupitia nywele. Halafu anakuja kwangu analia, nakata dhiraa.

Na msije mkanigeuzia maneno kwamba anti kasema ukikata zinakua haraka. Sijasema. Mkasi hauna habari na mzizi. Ukikata ncha, mzizi hata haujui. Unachopata ni kwamba zilizoota hazipotei.

Kukata kwenyewe sasa. Nywele ziwe safi, kavu, zimenyooshwa kidogo kwa mkono au kwa kusuka uzi usiku. Kaa dirishani asubuhi, weka kitambaa cheupe magotini, maana nywele nyeusi juu ya gauni jeusi huoni kitu. Chukua fungu dogo, lisokote mpaka mwisho. Ncha mbovu zitachomoza pembeni kama miiba. Hizo kata, kama nusu sentimita juu ya mahali ulipoishia ufa. Ukikata palepale kwenye ufa umeacha mbegu. Kile kidoadoa cheupe nacho, kata juu yake. Kichwa kizima kitakuchukua saa moja na nusu, ukipenda gawa siku mbili. Mkiwa wawili mkikatana ni bora zaidi, huku mnapiga umbea.

Ila mkasi! Hapa nitagombana na wasusi wenzangu. Mkasi wa nywele ni wa nywele. Nimeingia saluni nimekuta mkasi mmoja unakata rasta, unakata uzi wa wivingi, unakata pakiti ya dawa, umefungulia na katoni ya soda, kisha unaletwa kwenye ncha za mteja. Mkasi butu haukati unywele, unautafuna. Unauponda, na pale ulipopondwa ndipo ufa mpya unaanzia wiki hiyohiyo. Kwa hiyo umemkata mtu, umemwachia ugonjwa ule ule, na umemchaji. Mimi wangu nauficha kwenye soksi. Binti mmoja wa pale kwangu aliuchukua akakatia rasta, hatukusemezana siku mbili. Nilikosea kununa, ila mkasi ulikuwa umeharibika kweli.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo sita, nimefika la pili. Basi nakimbia.

Dawa: ile ni kemikali kali kama magadi ya kutengenezea sabuni, kazi yake ni kufungua magamba iingie ndani ivunje viunganishi vinavyoukunja unywele. Ipakwe kwenye nywele mpya peke yake. Msusi anayeivuta mpaka chini kila mara anapika ugali uliokwisha iva. Pasi: kamwe usipitishe kwenye nywele mbichi, zenye maji. Ukisikia inachemka chwiii, ni maji yanachemkia ndani ya unywele, yanaacha mapovu matupu ndani. Kuchana: anza nchani, panda taratibu, kwa chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na kondishna au maji na mafuta. Unywele mbichi unavutika kama mpira, lakini ukizidisha haurudi. Taulo: usifikiche, kandamiza, tena fulana kuukuu ni bora. Kulala: pamba inanyonya mafuta na inakwaruza. Nenda sokoni Mlango Mmoja, tafuta blauzi ya satini ya mtumba, shona foronya, usinunue za bei. Mkipanda kivuko cha Kamanga, funga kilemba. Ule upepo unafunga nywele mafundo usiyoweza kuyafungua. Na kufumua rasta, usifumue usiku umechoka, unakata zako ukidhani ni za dukani.

Maji? Mama anauliza maji ya bomba. Mama yangu, aliyekaa Dodoma anajua maji ya chumvi. Haya yetu ya ziwa sabuni inatoa povu vizuri, usiyasingizie.

Watoto wadogo, hilo nilitaka kulisema kwa urefu, siku nyingine.

Haya, jua bado lipo. Mwenye khanga nyeupe anipe. Wewe wa kilemba cha bluu, ndiyo wewe, njoo hapa dirishani ufungue tuone. Na dada wa Igoma usiondoke, unafuata.