Willy Gamba Apanda Mnadani

BINTI: Asalaam aleikum na karibuni tena. Tupo Tanga, Ngamiani, sebuleni kwa Mjomba kama kawaida. Feni tumeizima ili isivume kwenye maiki, kwa hiyo mkisikia mtu anajipepea ndiyo sababu. Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Wasikilizaji wetu, hamjambo.

BINTI: Leo hatuna mgeni. Mezani pamejaa vitabu, mabango ya sinema na majarida ya picha, vyote vya majasusi. Tangu nipate akili navijua vitu hivi, na tulikuwa haturuhusiwi kuvigusa bila kunawa mikono. Sasa Mjomba anavipeleka mnadani. Kuna jambo moja nabishana naye, na tumekubaliana tubishane hapa hapa mkisikia.

MJOMBA: Kwa adabu.

BINTI: Kwa adabu, ndiyo. Ila kwanza, kwa nini sasa?

MJOMBA: Chumvi. Tanga hewa yake ni ya bahari, na karatasi haipatani na bahari. Shika hili jarida. Unaona pini za katikati? Zimeshika kutu, na kutu imekula karatasi pembeni yake mpaka kurasa za kati zimeachia. Hapo lilikuwa ndani ya kasha, limefungwa vizuri. Masika yakipita mawili matatu tena, nitakuwa nauza vumbi. Na jambo la pili, mwanangu, nataka niwe hai vinapoondoka. Mtu akifa, watu hushughulikia nyumba na shamba. Karatasi zinapimwa kwa kilo, zinakwenda kufungia karanga.

BINTI: Tuanze na mabango, maana ndiyo yanayoulizwa sana kwenye meseji.

MJOMBA: Haya, tulifungue hili, shika pembe hiyo. Polepole. Hii ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1967, Farz, Jeetendra akiwa Ajenti 116. Watu wakisema sinema za majasusi wanafikiria Waingereza tu, lakini sisi tuliokuwa tukienda Majestic hapa Tanga tulikuwa na Bombay vilevile. Mwaka uliofuata akaja Dharmendra na Ankhen, jasusi naye. Kijana wa siku zile alikuwa na majasusi wa Bombay na wa London kwa wakati mmoja, na alikuwa na maoni yake nani zaidi.

BINTI: Bango lina matundu pembeni.

MJOMBA: Ya misumari. Na hii mikunjo iliyopita katikati, mtu asifikiri ni uharibifu. Mabango ya enzi hizo yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Yakifika yanatundikwa nje ya ukumbi, wiki ikiisha yanakunjwa tena yanakwenda mji mwingine. Mikunjo na matundu ni ushahidi kwamba bango lilifanya kazi. Ukiona bango la mwaka 1967 limenyooka kama limetoka kiwandani jana, uliza maswali.

BINTI: Msikilizaji mmoja anauliza mbona hukuyapiga lamineshi.

MJOMBA: Astaghfirullah. Nisikilizeni nyote mlio na karatasi za zamani nyumbani, hata kama ni picha za harusi ya bibi yenu. Lamineshi ni joto na gundi, na ukishaipiga haitoki. Selotepu vilevile: inageuka kahawia, inakauka, inaacha alama isiyofutika. Pasi, hapana. Weka bango kwenye giza, mahali pakavu, karatasi safi katikati ya moja na jingine. Basi.

BINTI: Sasa twende kwenye pesa. Nimepitia minada ya nje ili tujue dunia inafanya nini. Taipureta ya Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya James Bond, ile aliyotengenezewa yenye dhahabu, iliuzwa London mwaka 1995 kwa pauni 55,750. Bastola aina ya Walther aliyoshika Sean Connery kwenye filamu ya kwanza ya Bond, ya mwaka 1962, ilikwenda kwa dola 256,000 Marekani, Desemba 2020.

MJOMBA: Na Connery alikuwa amefariki mwishoni mwa Oktoba mwaka ule ule.

BINTI: Halafu kuna gari la Bond, Aston Martin DB5. Agosti 2019 moja liliuzwa zaidi ya dola milioni 6. Kilichonishangaza ni kwamba gari lile halikuonekana hata kwenye filamu yenyewe. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuitangaza filamu, kuzungushwa watu waone.

MJOMBA: Hapo umegusa kiini. Gari lile lilikuwa na silsila yake: nani aliliagiza, kwa kazi gani, likatoka mkono gani kwenda mkono gani. Mnunuzi wa vitu vya namna hii hanunui chuma, ananunua uhakika. Ndiyo maana kila kitu hapa nimekiandikia kikaratasi kwa mkono: nilikipata wapi, kutoka kwa nani, kikiwa katika hali gani. Vingine vina risiti. Hili bango la Ajenti 116, kikaratasi chake kinasema nililipata kwa mtu aliyekuwa akibandika mabango.

BINTI: Na vitabu vya Fleming unavyo.

MJOMBA: Ninavyo, lakini tuseme ukweli ili mtu asipande basi kutoka Arusha bure. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Aprili 1953, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 4,728 tu, nyingi zikaingia kwenye maktaba za Uingereza, zikagongwa mihuri na kusomwa mpaka zikachanika. Ndiyo maana nakala iliyobaki safi, na lile jalada lake la nje la karatasi, leo inauzwa makumi ya maelfu ya pauni. Jalada likipotea, sehemu kubwa ya thamani imekwenda nalo. Mimi ninavyo vya kampuni ya Pan, vile vyenye jalada laini, vilivyochapishwa kwa mamilioni. Vizuri, vina michoro ya kupendeza, lakini havitamtajirisha mtu. Vitaanza kwa bei ya sahani ya pilau.

BINTI: Haya. Sasa tufike tulipokosana.

MJOMBA: Tufike.

BINTI: Wasikilizaji, kwenye kona ya meza kuna rundo la vitabu vya Kiswahili. Jasusi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba. Mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Na majarida ya African Film, yale ya Lance Spearman. Vitu vingine vyote Mjomba anauza kimoja kimoja. Hili rundo anataka liuzwe fungu moja, lisivunjwe. Mimi nasema livunjwe.

MJOMBA: Toa hoja yako kwanza.

BINTI: Hoja yangu ni wasomaji. Wapo vijana wanaomtafuta Willy Gamba kila siku, wanauliza kwenye makundi, wanalipia nakala moja iliyokosa jalada. Ukiuza kimoja kimoja, watu wengi watapata kimoja kila mtu, nacho kitasomwa. Ukiuza fungu, atakuja mtu mmoja mwenye fedha zake, atachukua rundo lote, atalifungia kabatini Nairobi au London, na hatutaliona tena. Na kwa hesabu tu, kimoja kimoja utapata zaidi.

MJOMBA: Kwenye hesabu sikupingi. Nisikilize lakini. Chukua hiki cha Musiba, Kufa na Kupona. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina. Soma mchapishaji.

BINTI: East African Literature Bureau.

MJOMBA: Shirika hilo lilikuwa la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, nalo likavunjika nayo. Kwa hiyo jina hilo peke yake linakwambia umri wa nakala uliyoshika. Sasa shika hiki cha Mtobwa. Heko. Hapo ni mwandishi ameanzisha kampuni yake mwenyewe, anachapisha mwenyewe, karatasi imekuwa nyembamba, imegeuka njano, maana miaka ile ya themanini karatasi yenyewe ilikuwa shida nchini. Ukiviweka pamoja kwa mpangilio, unaona jinsi nchi ilivyokuwa ikisoma na ilivyokuwa ikihangaika kuchapa. Hata haya majarida ya Spearman, mtu na kofia yake na tai yake ya kipepeo, yalitoka kwa wachapishaji wa jarida la Drum mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwafrika shujaa wa upelelezi, kwa picha, kabla Willy hajazaliwa. Ukivitawanya, kila kimoja ni kitabu chakavu.

BINTI: Lakini kitabu ni cha kusomwa, mjomba.

MJOMBA: Na hivi vimesomwa! Angalia kwenye jalada la ndani. Majina matano ya watu walioazimana, la mwisho limeandikwa kwa penseli, na onyo: "rudisha kabla ya Ijumaa." Sasa fikiria kitu kingine. Bond anaokoa Uingereza. Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuata nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, na adui yake ni makaburu. Hiyo haikuwa ndoto ya mwandishi hewani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963. Sisi tulisoma vile vitabu tukijua watu wa Msumbiji na Afrika Kusini wapo mjini. Taipureta ya Fleming ina bei iliyoandikwa, na majumba ya mnada yanaitunzia kumbukumbu. Fungu hili halina bei popote. Nani ataliandikia kumbukumbu kama si sisi?

BINTI: Hapo nakubali nusu. Basi tupige picha kurasa zote, tuweke mtandaoni, halafu uza upendavyo.

MJOMBA: Hapana, na hapo sitanii. Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010. Haki ya mwandishi haizikwi naye, inabaki kwa warithi wake kwa miongo. Mimi namiliki karatasi hii, similiki hadithi. Tutapiga picha majalada na ukurasa wa mchapishaji kwa ajili ya katalogi, hiyo inatosha kwa mtu anayechunguza. Anayetaka kusoma, warithi wapo, wachapishe tena nasi tununue.

BINTI: Sawa. Na Bwana Msa? Simwoni mezani.

MJOMBA: Bwana Msa habanduki nyumbani. Huyo ni mpelelezi wa kiko chake na akili yake, si mtu wa serikali. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, nitazikwa nikiwa nacho.

BINTI: Elezea utaratibu basi, kwa wanaotaka kuja.

MJOMBA: Dalali mwenye leseni, si mtu wa kupiga kelele tu. Siku moja kabla, vitu vitakuwa mezani watu wavikague, wavishike, wasome vikaratasi. Tutaanza na vya bei ndogo, vile vya Pan, ili hata mwanafunzi aondoke na kitu. Mabango katikati. Fungu la Kiswahili mwisho, nalo lina bei ya chini niliyompa dalali kwa siri. Wale waliozoea mnada wa samaki pale Deep Sea watauona huu wa kwetu unakwenda taratibu, kwa sababu samaki anaharakishwa na jua, kitabu kinaweza kurudi kasha lake. Isipofikiwa ile bei, fungu haliuzwi. Nitaliongelea na maktaba yetu hapa mjini.

BINTI: Na wa mbali watapandisha bei kwa simu?

MJOMBA: Kwa simu, lakini wajiandikishe kwanza na watoe amana.

BINTI: Vizuri. Basi mimi nitajiandikisha. Nitalipandisha fungu la Kiswahili mpaka yule wa kabati achoke.

MJOMBA: Huwezi.

BINTI: Fedha ninayo, mjomba.

MJOMBA: Si fedha. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Jamaa wa muuzaji akinyoosha mkono, anampandishia mnunuzi bei kwa hila, na huo ni udanganyifu hata kama nia yako ni safi. Mtu wa nyumba hii hatanyoosha mkono, na dalali nimemwambia majina.

BINTI: Hata kimoja?

MJOMBA: Hata kile cha sahani ya pilau. Ila mtu wa kuandika katalogi sina bado, na mwandiko wako unasomeka. Kesho baada ya alasiri, njoo na daftari.